Bunduki ya Rangi Mpakani

Ndugu yangu wa Ikinga, nasikia umedunduliza hela ya bunduki ya kurushiana rangi. Hongera. Wenzako wananunua pikipiki, wanahangaika na abiria. Wewe unataka kulipia upigwe.

Mchezo wenyewe ulianza mwaka 1981 huko Henniker, New Hampshire, Marekani. Wanaume 12 waliingia msituni na bastola zilizotengenezwa kwa ajili ya kuwekea alama miti na ng'ombe. Babu zetu walitia mifugo alama maisha yao yote na hakuna aliyewaita wanamichezo.

Bunduki ije baadaye, anza na kinyago. Kidonge cha rangi hutoka kwa kasi ya karibu meta 90 kwa sekunde, na jicho halina spea, hata Tunduma mpakani ambako spea ya lori lolote hupatikana. Halafu hewa ya kurushia rangi. Fundi matairi wa barabarani atakwambia, "Lete mtungi, najaza." Muage kwa heshima: mtungi huo hujazwa kwa pauni 3,000 au zaidi kwa inchi ya mraba, na tairi lake la lori halifiki hata 200.

Ukiyamaliza hayo, mweleze ofisa wa forodha, bila kutetemeka, kwamba hicho kidude cheusi chenye mtutu ni cha starehe. Madereva walio kwenye foleni ya mpakani Nakonde, upande wa Zambia, watakusikiliza kwa furaha, hawana haraka.

Au panda basi hadi Nairobi. Kule wanakodisha, kinyago kikiwemo.