Papa, Wewe Si Mvivu

Tenke, mji wa mgodi huko Kongo, kuna ugonjwa usio na dawa zahanati: mtu anamaliza zamu ya saa 12, vumbi jekundu limemjaa kwenye kope, halafu mbele ya bukari anamwuliza mkewe, "Eti mimi ni mvivu?" Mama anamwongezea sombe. Jibu zuri, ila halina uzito kisheria.

Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 ilishasema: saa 9 kwa siku, 45 kwa juma. Zaidi ya hapo ni ziada, na ziada hulipwa. Lakini Papa hasomi sheria, anasoma uso wa shefu. Shefu akinuna, Papa anajihukumu. Shefu akicheka, anajihukumu zaidi, maana ajira yake ni ya sutretansi, mkataba wa miezi michache, na jina lake laweza kukosekana kwenye orodha bila hata kwaheri.

Mgodi wenyewe hauna wasiwasi huo. Mwaka 2016 Freeport-McMoRan ya Marekani iliiuzia CMOC ya China hisa zake za Tenke Fungurume kwa dola bilioni 2.65, na sijasikia hisa hata moja iliyokesha ikijiuliza kama kweli inastahili bei hiyo.

Basi Papa, leo mwache shefu na uso wake. Chukua karatasi ya mshahara, hesabu saa zako za kila juma, zilinganishe na 45. Kisha mpelekee mjumbe wa sendika, naye ahesabu.