Kobe Wanaokula Bure

Katika kijiji cha Mwilini hoja ya kwanza kikaoni ilikuwa chakula cha kobe. Jumbe Jogoo, ambaye hajapata kufungua kikao bila kuwika mara tatu, alipanda kichuguu akauliza, "Ndugu zangu, tangu mvua za mwaka juzi, nani hapa ameibiwa hata punje?"

Kimya.

"Basi wazee hawa waliojaa chini ya mkuyu tunawalisha kwa kazi gani?"

Watu wakatikisa vichwa. Walikuwa wamesahau alivyoingia Kicheche mara ya kwanza. Alipita kwenye ufa mdogo wa ukuta, pale mwiba ulipochoma, na siafu wakamfikia kabla jua halijapanda. Siafu hawaulizi jina wala ukoo. Wanauma kila kigeni, na wanakufa papo hapo kwa maelfu. Ule usaha unaoukamua kwenye jipu, msomaji, sehemu yake kubwa ni maiti zao. Jogoo naye akaamuru moto uwashwe kila ua, kijiji kikatetemeka na kutoka jasho, na mpaka leo anajisifu kwamba moto wake ndio uliomshinda mwizi. Moto ulisaidia, tusimnyime haki yake.

Ila mwenye kazi alikuwa Chiriku, ndege wa kimbelembele, aliyeokota unyoya wa Kicheche akaruka nao mpaka mkuyuni. Pale Bi Buibui na binti zake wana nyavu za kila umbo. Wakapima huu, wakapima ule, mpaka ukapatikana uliomkaa Kicheche. Wakaukaza hapa na pale, kisha wakafuma mwingine kama huo, na mwingine, mpaka zikawa hazihesabiki. Kazi ile ilikula siku kumi, na mkuyu ukavimba kwa wingi wa watu. Mama anayepapasa mtoki shingoni mwa mwanawe huwa anagusa kikao cha namna hiyo. Kicheche akanaswa, nyavu zikakunjwa, na kobe mmoja akakabidhiwa unyoya autunze.

Kobe yule anamjua Kicheche tu. Ukimwuliza habari za Panya atakutazama kama hujasema kitu, maana Panya ana kobe wake, na Nungunungu ana wake. Ndiyo sababu wamejaa. Anayewachosha ni Kinyonga, yule wa mafua, ambaye kila msimu huja na koti jipya.

Kicheche aliporudi mara ya pili, kobe wake alikohoa kidogo tu, wavu ukashuka, na siafu hata hawakugeuka usingizini. Jumbe hakuamshwa. Na jambo ambalo Jumbe hakuamshwa, katika hesabu za kijiji kile halikutokea.

Kobe mkongwe akajitetea. "Jumbe, kumbukumbu yetu haiozi. Kupe Mwekundu, ambaye binadamu humwita surua, aliingia visiwa vya Faroe mwaka 1781, akatoweka, akarudi 1846. Watu waliugua kwa maelfu. Lakini daktari Panum, aliyetumwa kutoka Denmark, aliona kwamba wazee waliougua ile mara ya kwanza hawakuguswa tena. Miaka 65, Jumbe!"

"Faroe ni mbali," akajibu Jogoo, "na bajeti ni ya hapa." Mgao wa kobe ukakatwa nusu.

Hoja ya pili haikuchukua muda. Daktari Korongo alikuwa amekuja na kupe aliyedhoofishwa, asiyeweza kuuma, ili kobe wamkague mapema: mara moja kijiji kikiwa na miezi 9, na tena kikifika 18. "Yaani tumwingize mwizi ndani ili tumjue mwizi!" Jogoo akacheka, na alipocheka yeye wakacheka wote. Korongo akaambiwa aandike barua.

Kupe Mwekundu hakutafuta ufa. Alikuja na upepo, akaingia kwa mlango wa pua. Chiriku akamwona, akainama kuchukua kipande chake kama ilivyo desturi, na Kupe akajipenyeza chini ya bawa. Hivyo mjumbe mwenyewe ndiye aliyembeba adui mpaka mkuyuni, na Kupe akashuka, akaingia ndani ya magamba ya kobe. Wezi wengine hukimbilia ghala. Huyu alikwenda moja kwa moja kwa wenye kukumbuka.

Kijiji kikawaka moto, kuta zikatoka vipele vyekundu. Nguchiro, askari wenye amri ya kuua yeyote aliyebeba kupe, wakafika chini ya mkuyu, na walitii amri. Kobe wa Panya akafa, wa Nungunungu akafa, wa Kicheche akafa akiwa ameshika unyoya wake. Usidhani natia chumvi. Mwaka 2019 watafiti waliopima damu ya watoto 77 wa Uholanzi, ambao hawakuchanjwa na wakaugua surua, waliona kwamba ugonjwa ule ulikuwa umewafutia kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya maradhi mengine.

Haukupita muda mrefu, Kupe akashindwa. Jogoo akawika mara tisa, ngoma zikalia. Kobe kijana, aliyezaliwa katikati ya vurugu zile, akakalishwa peke yake chini ya mkuyu na mguu wa Kupe mkononi. Mgao wake ukaongezwa mara mbili, na Jumbe mwenyewe akamvisha shada, akisema kwamba sasa kijiji kina ulinzi wa kisasa.

Mvua zilipoanza, Kicheche akapita langoni mchana kweupe. Kobe kijana akainuka kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Samahani, wewe ndiye Kupe?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi wapi na Kupe wapi!"

"Basi karibu, pita ndani. Banda la kuku liko mkono wa kulia."