Kahoot Darasani, Simu Kabatini

Semina za walimu siku hizi zina wimbo mmoja: mshirikishe mwanafunzi. Tulianza kwa kuambiwa tumfundishe, baadaye tumwezeshe, sasa tumshirikishe, tena kwa teknolojia, michezo na mitandao ya kijamii. Wimbo wenyewe sina ugomvi nao. Nina ugomvi na ukumbi unaoimbiwa. Kiyoyozi kinapuliza, intaneti ya bure, kila meza ina soketi, na chai ya saa nne inakuja na sambusa mbili mbili. Mahali kama hapo hata mimi nashirikishika.

Mwezeshaji wa safari hii alikuwa kijana mwenye suruali isiyofika kwenye viatu, na alitujia na Kahoot. Kwa ambaye hajaiona, ni chemsha bongo ya simu. Swali linatokea ukutani kwa projekta, wewe kwenye simu yako una vitufe vinne tu, chekundu, cha bluu, cha njano na cha kijani, unabonyeza kimoja. Ukipatia unapewa alama, ukipatia upesi unapewa nyingi zaidi, na muda wote unapigwa muziki wa kumtia mtu kiwewe. Ilizaliwa Norway, kwenye utafiti wa chuo kikuu kimoja cha mji wa Trondheim, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2013. Wanorwe nawavulia kofia, maana kitu chenyewe kinakamata.

Kinakamata mno. Unaingia kwa jina lolote unalotaka, na ukiwaruhusu walimu wa Tanzania kujichagulia majina umeitisha mechi ya watani wa jadi. Nusu ya ukumbi ilikuwa Mnyama, nusu Mwananchi. Mwalimu wa Kemia, mzee wa kustaafu mwakani, ambaye ofisini hanyanyui kichwa hata kengele ya moto ikilia, alisimama akampigia kelele mwezeshaji kwamba simu yake imechelewa kupokea swali, kwa hiyo lirudiwe. Mkuu wa shule jirani, mama wa heshima zake, alipanda juu ya kiti. Swali lilikuwa nani aliandika *Kusadikika*. Mimi nafundisha Kiswahili, Shaaban Robert namjua kuliko ninavyomjua shemeji yangu, lakini wakati natafuta miwani, dada wa Jiografia alikwishabonyeza na kushangilia. Baadaye nikamuuliza amekisoma lini. Akanijibu, "Kaka, mimi nimebonyeza tu kijani."

Hilo niliandika kwenye daftari la semina na nikalipigia mstari. Mchezo unaomlipa mwenye kidole chepesi unafaa kwa ngeli na kwa jedwali la kuzidisha. Ushairi je? Mtoto akitoa jibu la shairi ndani ya sekunde ishirini, nina wasiwasi naye.

Tukapewa vyeti, tukapiga picha ya pamoja, tukarudi vituoni kushirikisha.

Kidato cha Pili nina wanafunzi themanini na ushee kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya arobaini. Kahoot inataka simu mkononi mwa mtoto, na shuleni kwetu mtoto akikutwa na simu ni kosa la kuitiwa mzazi. Sisemi kanuni ni mbaya. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza jinsi simu inavyomvuruga mwanafunzi darasani, na mimi ningeweza kuwapa ushahidi wa bure. Tatizo ni kwamba kanuni ina mlango mmoja na semina ina mlango mwingine, na anayetarajiwa kupita yote miwili kwa wakati mmoja ni mwalimu. Mwalimu wa nidhamu ana kabati la chuma ofisini kwake. Ndani yake mna simu za kila aina, zilizokamatwa kwenye soksi, kwenye mikate na moja kwenye Biblia iliyochongwa katikati. Nyingine zina kamera tatu, wakati yangu imefungwa rababendi betri isidondoke. Ukitafuta maabara ya TEHAMA ya shule yetu, ni lile kabati. Kila jioni unalisikia linatetemeka.

Nilimwomba mwenzangu anipe funguo kwa kipindi kimoja tu. Aliniangalia kama nimeomba figo.

Basi nikageukia kishikwambi. Mtakumbuka Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na kazi ilipokwisha vikagawiwa kwa walimu. Hiki changu kwa hiyo kina historia. Kimebisha hodi kwenye nyumba za watu, kikauliza kaya ina watu wangapi. Sasa kinakaa kwangu na kimepata ajira ya tatu, ya kulea. Nikikitafuta asubuhi nakikuta chini ya kochi, asilimia nne ya chaji, skrini ina alama za uji. Mwanangu wa mwisho anaangalia *Ubongo Kids*, katuni za hapahapa Dar es Salaam zilizoanza kurushwa mwaka 2014, na hesabu anaziimba akiwa anaoga. Siwezi kumnyang'anya mtoto anayeimba sehemu, lakini na mimi nina kipindi cha kwanza.

Soketi ya darasani ipo, imechorwa kwenye ramani ya jengo. Umeme haujawahi kuifikia. Projekta ya shule nayo ni moja, anaishi nayo mkuu wa shule kwa sababu za usalama, na ukiiazima unasaini daftari, halafu unatafuta waya wa kuivuta mpaka ofisi ya taaluma, halafu darasa jirani linakuja dirishani kuangalia sinema. Hapo kipindi cha dakika arobaini kimebaki dakika kumi na moja, na bado hujaita mahudhurio.

Mwezeshaji nilipompigia simu alikuwa na dawa. Kuna nyingine, akasema, inaitwa Plickers, haihitaji simu za wanafunzi. Kila mtoto anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro wake, anaigeuza upande wa A, B, C au D, mwalimu anazimulika zote kwa simu moja na majibu yanajisoma yenyewe. Nikafurahi kweli. Nikauliza kadi zinafika ngapi. Zinafika sitini na tatu. Kwa hiyo waliobaki, ishirini na kitu, wangekuwa watazamaji wa teknolojia. Na hizo sitini na tatu zichapwe na mashine ya shule ambayo wino wake unasubiriwa tangu tulipofunga likizo iliyopita.

Nikaishia kwenye manila. Nimekata vipande vya rangi nne, kila dawati seti moja, nauliza swali, nahesabu mpaka tatu, rangi zinapaa. Muziki wanapiga wao wenyewe kwa madawati. Majina wamejipa wenyewe pia. Timu ya nyuma inaitwa Ugali Maharage na wiki nzima hakuna aliyewafikia kwenye ngeli. Wale wa nyuma, ambao tangu Januari nilikuwa nawajua kwa visogo vyao, sasa wanagombana kuhusu I-ZI. Mwalimu wa darasa la jirani amenishtaki mara kadhaa kwa kelele. Hakuna chaji iliyotumika.

Unadhani nilipongezwa? Ripoti ya semina ilitaka "ushahidi wa matumizi ya teknolojia". Manila si teknolojia. Nikashauriwa kwa upole nichukue projekta, niiweke mezani, wanafunzi waizunguke wakitabasamu, nipige picha na kuirusha kwenye grupu. Nimeirusha. Projekta haikuwa na waya, ukiangalia vizuri utaona. Imepata dole gumba kumi na tisa.

Kuhusu mitandao ya kijamii nitakuwa mfupi, maana presha haitaki. Tulifungua grupu la WhatsApp la wazazi ili nitume mazoezi ya nyumbani. Siku ya kwanza nilituma maswali matano. Chini yake zikaja "Amina" saba, ua waridi lenye maneno ya asubuhi njema, tangazo la vitenge vya jumla, na voisi ya dakika sita ya mtu nisiyemjua akieleza faida za mbegu za mlonge. Baba mmoja akajibu maswali yote matano mwenyewe, akaniuliza kapata ngapi. Alipata mawili, akajitoa kwenye grupu.

Mtoto mwenye mazoezi hayo hana simu. Simu ni ya mama, mama yuko gengeni, anarudi saa mbili usiku na bando limekwisha kwa kupokea maua ya waridi. Watoto kama huyo ndio wanaokuja asubuhi na daftari tupu, na siwezi kuwachapa kwa kosa la ua. Kwa hiyo maswali siku hizi nayaandika ubaoni saa nane mchana, wanayanakili, wanaondoka nayo begani bila mtandao.

Wewe mwezeshaji, ukija tena usije na nywila ya mchezo mwingine. Njoo na waya wa mita thelathini na rimu mbili za manila za rangi, sambusa tutajinunulia. Na wewe mzazi wa vitenge, bei zako ni nzuri na mke wangu amechukua doti mbili, lakini grupu lile ni la Kiswahili Kidato cha Pili. Fungua la kwako.