Trela Isiyo na Magurudumu

Mombasa ina trela za aina mbili. Moja hubeba makontena kutoka Kilindini, na mzigo wake haumwagiki njiani. Nyingine ni ya filamu. Hiyo humwaga kila kitu.

Mpangilio wake unajulikana. Droni inapaa juu ya Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, ambayo katika hadithi yenyewe haina kazi. Zinafuata zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue. Kisha binti wa buibui anakata kichochoro cha Mji wa Kale, anageuka polepole mbele ya mlango wa nakshi. Muuza kahawa anagonganisha vikombe. Giza. Kimya. Risasi! Sauti nzito inauliza, “Je, ataolewa?” Kabla hujajibu, harusi hiyo, msaliti huyo, maziko hayo.

Mwaka 2014, chama cha wenye majumba ya sinema Marekani kilipendekeza trela zisizidi dakika 2. Pwani, dakika hizo zatosha kumaliza filamu nzima.

Mtazamaji wa Kibokoni aliyekwisha kumzika shujaa kwenye simu yake, anunue tiketi ya nini? Enyi watengenezaji, mwachieni walau maiti mmoja.