Vinara Wanane wa Msitu wa Mikaratusi, Kuanzia Mkiani

Mkaratusi tunaujua sote. Umesimama nyuma ya shule, umebeba nyaya za umeme, umekausha chai kule Kericho, na mafua yakikubana majani yake yanaingia kwenye sufuria ya kujifukiza. Kenya ilianza kuupanda mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupata kuni za treni za Reli ya Uganda. Lakini muulize mtu yeyote ni mnyama gani anaishi ndani ya mkaratusi, atakutumbulia macho. Kwetu mti huu ni mgeni mwenye kazi nyingi na wapangaji wachache.

Kwao umejaa wapangaji hadi darini. Twende basi jimbo la Victoria, kusini-mashariki mwa Australia, kwenye milima iliyo kaskazini-mashariki ya jiji la Melbourne, nchi ya wenyeji wa asili, Wawurundjeri na Wataungurung. Huko unaota mkaratusi wa milimani, Eucalyptus regnans, mmoja wa miti mirefu kuliko yote duniani. Kuna uliopimwa Tasmania ukakutwa na takriban mita 100. Watu huingia katika misitu hiyo na daftari, tepu, darubini na tochi za kichwani kuhesabu nani anaishi humo na nani amehama. Hawa hapa vinara wao wanane. Nimewapanga kwa kigezo kimoja: nani anatuambia zaidi kuhusu afya ya msitu. Ukitaka kubishana, karibu, ila uje na hoja.

8. Mavi ya wombati

Ndiyo, tunaanza na mavi. Anayekunja pua hajawahi kumtafuta mnyama wa usiku saa sita mchana. Nusu ya kazi hii ni kusoma walichoacha wenye nyumba: kinyesi, mikwaruzo, nyayo, unyoya ulionasa kwenye gome. Wombati, mnyama mchimba mashimo, ndiye msaidizi bora, maana mavi yake yana pande na kona, vipande vya mraba kabisa. Umbo hilo hutengenezwa mwishoni mwa utumbo, mahali ambapo kuta zake hazivutiki sawasawa kila upande. Kisha anayapandisha juu ya jiwe au gogo ili majirani wajue eneo lina mwenyewe. Wengine hutia saini, wombati hugonga muhuri.

Jike ana mfuko unaofunguka kuelekea nyuma, hivyo akichimba shimo hamfukii mtoto wake kwa udongo. Ninamvulia kofia. Lakini yeye hulala ardhini, na mti mzee ukianguka anaamka kesho yake akiwa na nyumba. Nafasi ya nane inamtosha.

7. Ruba

Huna haja ya kumhesabu, yeye ndiye amekuhesabu. Ukikaa dakika mbili kwenye majani yenye unyevu, ameshapanda soksi. Nampa nafasi ya saba kwa sababu ya kumbukumbu yake: mwaka 2009 huko Tasmania mwizi alitiwa hatiani kwa damu iliyokutwa ndani ya ruba aliyeokotwa mahali pa wizi, miaka minane nyuma. Wanasayansi hutumia njia hiyohiyo katika misitu ya Asia kujua ni wanyama gani walipita. Shahidi mdogo, ushahidi mnene.

6. Ploti ya mita 20 kwa 20

Kabla ya kumulika wapangaji, pima nyumba. Mtaalamu wa mimea hukamata tepu, huzungushia kipande cha msitu, kisha hupiga magoti na kuandika kila anachokiona: mikaratusi juu, akasia chini yake, kangaga zenye mashina marefu kumzidi mtu, vichaka, nyasi, kuvumwani. Kila aina hukadiriwa imefunika asilimia ngapi ya ploti. Waweke wataalamu wawili ploti moja, mmoja atasema kangaga zimefunika asilimia 30, mwenzake atasema 45, na chai itapoa kabla hawajaelewana. Hayo ni mabishano ya heri. Tofauti ile ikiachwa bila kujadiliwa, mwaka wa mbele mtu atadhani msitu umebadilika kumbe aliyebadilika ni mpimaji.

Kipenyo cha kila mti huchukuliwa usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka chini. Katika jimbo jirani la New South Wales, utaratibu rasmi unataka pia urefu wa magogo yaliyolala, hata yenye unene wa sentimita 10 tu. Naupenda utaratibu huo kwa moyo wote, maana unalipa gogo lililooza safu yake kwenye fomu, na mijusi na wadudu waliomo ndani wanastahili.

Sasa jaribu kuutambua mti wenyewe. Jamii ya mikaratusi ina aina zaidi ya 800, na jani unalolihitaji liko ghorofa ya ishirini. Unaokota vitunda vikavu vilivyoanguka, unasoma gome. Mkaratusi wa milimani una gome gumu lenye nyuzi kwenye kitako, halafu juu yake shina linakuwa laini na jeupe, na magome yaliyobanduka yananing'inia kwa mapande marefu ya mita kadhaa. Ndani ya mapande hayo hujificha nyenje. Wakumbuke hao nyenje, kuna mtu anawatafuta huko mbele.

5. Antekino

Mitego ya wapimaji ni visanduku vya alumini vinavyokunjika, na chambo ni siagi ya karanga, shayiri na asali. Sijui ni mnyama gani angekataa mwaliko wa namna hiyo. Anayeingia mara nyingi ni antekino, kijinyama mwenye pua ndefu ambaye mgeni atamwita panya, na mgeni atakuwa amekosea, maana huyu ni wa ukoo wa wanyama wenye mifuko. Ndani ya kisanduku huwekwa kitu cha kumpa joto, na mitego hukaguliwa asubuhi na mapema. Mpimaji anayelala hadi saa tatu hafai kazi hii.

Dume la antekino halina mpango wa kustaafu. Katika majira ya baridi hupandana kwa wiki chache bila kupumzika, mara moja tu ikichukua saa nyingi, homoni zikimpanda hadi kinga ya mwili inaporomoka. Kisha madume wote wanakufa, wote, kabla ya watoto wao kuzaliwa. Kwa hiyo ukitega mitego baada ya msimu huo utapata majike watupu. Anayelinganisha mitego ya mwezi wa sita na ya mwezi wa tisa bila kuangalia kalenda ataandika ripoti ya msiba ambao kila mwaka upo kwenye ratiba.

4. Ndege-kinubi

Ndege huhesabiwa kwa utaratibu mwepesi: hekta mbili, dakika 20, andika kila uliyemwona na kila uliyemsikia. Mwepesi hadi anapofika ndege-kinubi. Huyu huwaigiza jirani zake mmoja baada ya mwingine, kwa ustadi, bila kusita. Umemsikia ndege kukabara anacheka, halafu kasuku, halafu kiboko-ndege mwenye mlio wa mjeledi, na umeshajaza mistari mitatu ya daftari. Geuka: ni dume mmoja amesimama juu ya kilima kidogo cha udongo alichokikwangua mwenyewe, mkia umefunguka juu ya kichwa chake. Futa mistari mitatu, andika mmoja. Usiwasahau majike, nao wanaiga.

Hata hivyo sikumpa nafasi ya nne kwa sababu ya koo lake. Nimempa kwa sababu ya miguu. Akitafuta wadudu huchakura majani na udongo kutwa, na watafiti wa Victoria walikuta kwamba katika hekta moja ya msitu hupinduliwa zaidi ya tani 100 za majani na udongo kwa mwaka. Majani yanazikwa, yanaoza haraka, na chakula cha moto kinapungua sakafuni. Mwimbaji huyu ana jembe.

3. Glaida mkubwa

Sasa giza limeingia. Washa tochi, tembea polepole, mulika matawi ya juu. Macho mawili yanayowaka kwa mng'ao mkali, juu kabisa, yametulia: huyo ni glaida mkubwa, mnyama wa usiku anayeteleza hewani mti hadi mti. Hapigi kelele, hakimbii. Anakula majani ya mkaratusi na karibu hakuna kingine, chakula chenye mafuta makali na lishe hafifu, kwa hiyo hana nguvu za kupoteza kwa ajili yako. Akiamua kuhama huchumpa, ngozi ya ubavuni inatanuka, mikono ameikunja viganja chini ya kidevu, anateleza hewani hata mita 100. Abiria wa daraja la kwanza, na nauli hajalipa.

Mtu mwenye tochi na subira anaweza kubadilisha mambo makubwa. Wananchi waliokesha wakiwahesabu wanyama hawa walifikisha hesabu zao mahakamani, na Novemba 2022 Mahakama Kuu ya Victoria iliamua kwamba shirika la serikali la kukata miti lazima liwatafute glaida kwanza, kwa upimaji wa kweli, na mahali walipo liwaachie miti. Mwaka huohuo serikali ya Australia ilimwingiza glaida mkubwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Tarehe 1 Januari 2024, ukataji wa mbao katika misitu ya asili ya serikali ya Victoria ukakoma. Nawapongeza kwa sauti kubwa wote waliokesha. Wengi wetu tukikesha huwa ni kwa sababu ya mpira.

2. Posamu wa Leadbeater

Huyu, mnyama mdogo wa usiku anayeishi mitini, alitangaziwa msiba akiwa mzima. Frederick McCoy wa Melbourne alimwelezea kisayansi mwaka 1867. Vielelezo vichache vilikusanywa, cha mwisho mwaka 1909, kisha kimya. Ikaaminika ameshatoweka. Mwaka 1961 Eric Wilkinson akamwona msituni karibu na Marysville, na mwaka 1971 marehemu akafanywa mnyama wa nembo ya jimbo zima. Ana gramu kama 130, uzito wa mayai mawili ya kuku. Anakula utomvu wa akasia na wale nyenje wa kwenye magome. Familia hukaa pamoja tunduni, na anayelinda mipaka ni mama. Wageni wa kike hufukuzwa mlangoni, hakuna kukaribishwa chai.

Kumhesabu kunahitaji nidhamu. Kabla jua halijazama, kila mtu anakaa chini ya mti wake wenye matundu, anatazama juu, shina likiwa jeusi mbele ya anga. Giza linapoingia wanyama wanaanza kutoka, na posamu huyu anatoka kwa kasi: ukipiga chafya umempoteza. David Lindenmayer wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alianza kazi hii katika milima hiyo mwaka 1983, na kwa miaka mingi amesaidiwa na watu wa kujitolea walioketi gizani wakihesabu kwa vidole. Siku hizi zimeongezeka kamera za kutegesha zinazopandishwa juu mtini na chambo cha asali.

Tarehe 7 Februari 2009 moto ulipita. Watu 173 walikufa, na zaidi ya theluthi moja ya makazi ya posamu huyu iliungua. Mwaka 2015 aliwekwa katika daraja la wanyama walio hatarini zaidi kutoweka. Kwa nini basi si namba moja? Kwa sababu nilichokiweka juu yake ndicho anachokitafuta yeye.

1. Tundu

Nasikia minong'ono. Tulingoja koala, umetuletea shimo! Koala nampenda, lakini tundu ndilo lenye foleni. Wanyama wenye uti wa mgongo zaidi ya aina 300 nchini Australia hutumia matundu ya miti: posamu, glaida, bundi, kasuku, popo, mijusi, nyoka. Na Australia haina kigogota hata mmoja. Hakuna fundi wa kutoboa. Inabidi tawi livunjike, kuvu iingie, mchwa wafuate, moto uchome, maji yaozeshe, na mti ubaki umesimama wakati wote huo. Mkaratusi wa milimani huchukua miaka kama 120 kabla matundu yanayofaa hayajaanza, na mapana huhitaji muda mrefu zaidi.

Sehemu kubwa ya msitu huu ilichipua kutoka kwenye majivu ya moto wa tarehe 13 Januari 1939. Moto mkali huua mti huu, na mbegu zake huangukia majivuni na kuota kwa pamoja, ndiyo maana mlima mzima una rika moja. Piga hesabu: 1939 ukiongeza 120 ni 2059. Wakati huohuo miti mizee iliyokufa ikabaki wima, ambayo ndiyo imewahifadhi wapangaji hadi leo, inaanguka mmoja mmoja, na kila upimaji unakuta imepungua. Ndiyo sababu katika kazi hii mti mkavu uliopasuka kichwa unapewa namba na kukaguliwa tena na tena, wakati mti mnyoofu wenye afya jirani yake hautazamwi mara mbili.

Kuna wanaojaribu kuziba pengo. Wametundika masanduku ya kulala, na mafundi wamepanda na misumeno ya moto wakachonga matundu ndani ya mashina hai, na baadhi ya posamu wa Leadbeater wameyakubali na kuhamia. Kazi nzuri mno. Ila hiyo ni nyumba ya gramu 130. Bundi mkubwa, aina kubwa kuliko bundi wote wa Australia, hutaga pia tunduni, na chumba chake ni kipana, ndani ya shina nene sana. Mashina ya 1939 bado ni membamba.