Heshima kwa Likizo ya Mazoezi

Wakimbiaji wameshasifiwa vya kutosha. Wana fulana za rangi moja, wana mtu wa kuanzisha nyimbo na wengine wa kuitikia, wana bonanza lenye mgeni rasmi. Ukiishi Vingunguti huhitaji saa ya kukuamsha Jumapili. Watapita hata hakujapambazuka vizuri, kwa makofi na vishindo, utadhani kambi nzima ya JKT imehamia mtaani. Ila yule aliyelala ndani akiwasikia, raba zake ziko chini ya kitanda, ambaye majuzi tu alikuwa nao kwenye mstari, hakuna aliyemwandikia hata sentensi moja. Huyo hajaacha mazoezi. Amepumzika kidogo. Leo nasimama upande wake, au tuseme nakaa upande wake, maana kusimama nako ni mazoezi.

Kwanza tumwondolee tusi la uvivu. Mvivu hana cha kupumzika. Ili mtu aende likizo ya mazoezi sharti awe ameyaanza: amekwenda soko la Karume kubishania raba za mtumba, amepanda mizani ya barabarani mbele ya watu, ametangaza nyumba nzima kwamba wali wa usiku basi, ametuma picha ya jasho lake kwenye kundi la ukoo. Likizo hupewa aliye kazini. Mbebaji wa machinjio ya hapa Vingunguti, anayetembea na paja la ng'ombe begani tangu usiku wa manane, hajawahi kuisikia likizo hii. Asipobeba leo, leo hali. Msukuma mkokoteni anayetoka Buguruni na magunia ya viazi, vivyo hivyo. Kwao likizo haipo, na kitambi hakipo. Hii ni neema yetu sisi wa nyuma ya meza, nyuma ya kaunta na nyuma ya usukani, tuliofika mahali pa kulitafuta jasho kwa gharama zetu wenyewe.

Serikali nayo iko na sisi, ingawa wengi hawakuisoma vizuri. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima, ili kupambana na kisukari, shinikizo la damu na ndugu zao. Watu waliona ni agizo la kukimbia. Mimi nilipiga hesabu. Jumamosi za pili ziko 12 kwa mwaka. Zinabaki siku 353. Ni mwajiri gani mwingine nchini anayetoa likizo ya namna hiyo? Najua Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 za kutokwa jasho kila wiki, lakini shirika hilo liko Geneva. Halijakimbia Barabara ya Nyerere likipokea moshi wa malori yanayotoka bandarini, wala halijaruka madimbwi ya Mnyamani wakati wa masika, usijue kilicho chini ni tope au ni shimo la majitaka lililoachwa wazi.

Wataalamu ndio usiseme. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kutwa wakiwinda, wakirina asali na kuchimba mizizi. Walipima nishati yote ambayo mwili wa Mhadzabe unatumia kwa siku, wakailinganisha na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, tofauti haikuonekana. Mwili, kumbe, una bajeti yake. Ukiubana huku, unabana matumizi kule. Siku niliyoisoma habari hiyo, fulana zote za Jumapili zilipauka machoni pangu. Ikaja 2020, kundi jingine la watafiti likiongozwa na David Raichlen likaripoti kwamba Wahadzabe haohao hupumzika karibu saa 10 kila siku, na mioyo yao ni mizima kuliko ya kwetu. Saa 10! Mtu wa visirani atakwambia kwamba sehemu ya muda huo wanachuchumaa, misuli ya miguu ikiwa kazini, na kwamba wakimaliza kupumzika wanatembea kwelikweli, na kwamba huko porini hakuna kibanda cha chipsi mayai kila kona. Mtu huyo asipewe kipaza sauti. Hapa tunasifu, hatutoi ushahidi mahakamani.

Mizani pia inasema ukweli kwa niaba yetu. Anayeanza mazoezi kwa pupa mara nyingi huona kilo zimepanda badala ya kushuka, kwa sababu misuli iliyostushwa huvimba kidogo na kushikilia maji. Akipumzika siku chache maji yanatoka, kilo zinashuka. Shangwe! Kilichoshusha kilo ni nini basi, kama si kulala? Hoja hii ina nguvu kwa siku nne hivi. Baada ya hapo ni busara kutopanda tena mizani.

Kama bado unataka mfano wa kitaifa, kumbuka riadha yetu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Watu wakawa wanaisubiri Olimpiki ya Montreal ya 1976 wamwone tena akitoana jasho na John Walker wa New Zealand. Tanzania haikwenda. Ilisusa pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza kwa makaburu. Tukapumzika, taifa zima. Na matunda yake? Moscow 1980, Bayi akachukua medali ya fedha kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akachukua fedha kwenye mita 5000. Hadi leo medali za Olimpiki za Tanzania ni hizo mbili tu. Kwamba mapumziko yale yalikuwa ya mashindano na si ya mazoezi, hilo ni suala la wanasheria.

Lakini fadhila kubwa ya likizo iko mtaani, kwenye ujirani. Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ua mmoja, mtu hapungui kwa siri. Wakongwe hawajasahau miaka ya tisini na namna kukonda kulivyosomwa kuwa ni ule ugonjwa. Ukipungua leo, hakuna anayekupongeza kwanza. Wanaanza kukuuliza hali kwa upole, na upole huo ndio wa kutisha. Mama mwenye nyumba anataka kujua kama kazini kuko salama. Shangazi anapiga simu kutoka Lindi, kaambiwa. Rudi kwenye chapati zako wiki mbili, mashavu yajae, uone kila mlango ulivyo na bashasha: "Aa, sasa umenawiri!"

Nenda machinjioni asubuhi, pale pembeni wanapouza supu. Sufuria imekaa juu ya mafiga tangu usiku, makongoro yameiva mpaka yanaachia mfupa, mafuta yametanda juu. Upawa wa mama ukifika kwa mteja mgeni huyasukuma mafuta kando. Ukifika kwa mteja wake huzamia palepale katikati. Ndimu zimekatwa, pilipili imepondwa na chumvi, chapati zimefunikwa kwa kitambaa. Umevaa kanzu, huna raba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, anko. Wenzio wameshapita na nyimbo zao. Wewe vipi?"

"Nimepumzika kidogo."

"Bora. Ulikuwa unaisha, nikasema huyu mbona kama anaumwa. Nikuwekee kongoro au utumbo?"

Ukitoka mbio unapita hapo ukitazama mbele, mama anakosa mteja na wewe unakosa kuitwa anko. Wakati wa likizo, pesa inabaki kwenye kata.

Ramadhani sitaisemea sana. Mwezi ule mkimbiaji na aliyepumzika hukutana kwenye mkeka mmoja mbele ya magimbi, tambi na uji wa pilipili manga, na hakuna anayemuuliza mwenzake habari za kilo.

Wapinzani wanalo moja la maana. Wanasema pumzi huanza kupungua ndani ya wiki mbili tatu tu za kukaa, na kwamba likizo hii ina tarehe ya kuanza lakini ya kurudi haina. La pumzi nakubali. Ngazi za daraja la waenda kwa miguu zilishanieleza. La tarehe ni uzushi mtupu. Tarehe ipo, ni Jumatatu. Machinjio yetu yenyewe yalisuasua kujengwa upya hadi Rais Magufuli alipofika mwaka 2019 na kufoka, ndipo kazi ikashika kasi. Kitambi changu hakijatembelewa na kiongozi wa ngazi yoyote.

Muulizeni basi fundi cherehani, anayeijua kalenda hii kuliko daktari. Mazoezi yakianza, vijana wanampelekea suruali azipunguze kiuno. Likizo ikianza, wanarudi nazo aziachie. Analipwa kwenda, analipwa kurudi. Kijana mmoja wa klabu ya mbio alimjia juzi, amepungua kweli, kifua mbele, akataka kitambaa cha ziada cha suruali yake kikatwe kabisa kitupwe. Fundi alimtazama juu ya miwani, akakikunja chote ndani, akapitisha mshono mrefu wa kufumuka kwa urahisi, akamwambia aje kuichukua Jumatatu.