Huyo Mwenye Pembe ni Nani?

Salisbury, Uingereza
Mwishoni mwa Septemba

Kwako Shangazi, Mbagala Kizuiani.

Shikamoo. Salamu ndefu tutazifanya siku nyingine, maana nasikia hali huko imechafuka. Ile picha niliyoiweka kwenye kundi la ukoo kwa kidole kuteleza nimeambiwa imeshafika Tandika, na kutoka Tandika imevuka mji hadi Mwananyamala kwa Baba Mdogo, na Baba Mdogo ameanza kutafuta walimu wa kunisomea Albadiri. Mwambie asubiri. Albadiri haichagui, ikitumwa vibaya humrudia aliyeituma, na yeye mpaka leo hajasema zile pesa za nyumba ya Chamazi zilikwenda wapi.

Ndiyo, mwenye taji la majani ni mimi. Mwenye pembe ni mhasibu mstaafu. Pembe zenyewe ni za kulungu, amezifunga kwa mkanda wa ngozi, na akirudi nyumbani huzitundika karibu na koti lake la mvua. Mkia hana. Nilizunguka nyuma nikahakikisha.

Unajua siku hizi sibebi maboksi tena, natunza wazee majumbani mwao. Mmoja wao ni bibi wa miaka 78 aliyewahi kuwa mkutubi. Siku ya kwanza alinikaribisha chai, akanieleza kwamba hatumii sukari, kwamba nyonga yake ya kushoto ni ya chuma, na kwamba yeye ni mchawi. Yote matatu kwa sauti moja, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Shangazi, mimi nimekulia Temeke. Nilitazama mlango uko wapi. Halafu nikatazama kikombe, nikakuta nimeshakunywa nusu.

Nilirudi kesho yake kwa sababu kodi ya chumba haijui majini. Nikafungua faili lake la kazini, na kwenye mstari wa dini nikakuta pameandikwa: Mpagani. Neno hilo kwetu ni tusi la kumtupia mtu aliyekula mchana wa Ramadhani. Huku mtu analijaza kwenye fomu kwa kalamu ya wino. Katika sensa ya mwaka 2021, watu wapatao 74,000 wa Uingereza na Wales walijiandika Wapagani. Wapeleke pale Uwanja wa Mkapa unaochukua 60,000: wataujaza, na 14,000 watabaki nje wakisukumana kwenye geti, labda lile ambalo timu zetu huogopa kulipitia.

Kilichonigusa si hesabu. Ni kule kusema "mimi ni mchawi" huku anapaka siagi kwenye mkate. Kule Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa kuwa tu na macho mekundu, na macho yenyewe yameiva kwa moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Hawakusema chochote wale. Huyu anasema, na halmashauri inamletea mtu wa kumsaidia kupanda ngazi. Nilikaa nalo hilo wiki nzima, sikumwambia.

Nilipomzoea nikamuuliza, dini yenu ni ya lini? Nilitegemea aniambie ya tangu Nuhu. Akacheka. Akasema mababu wa kale walikuwa na mambo yao, lakini hii ya kwao ya sasa ilishika kasi baada ya mzee mmoja, Gerald Gardner, ofisa wa forodha mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi Malaya, kutoa kitabu chake mwaka 1954. Mwaka 1954, Shangazi! Dini hii imezaliwa pamoja na TANU. Babu angekuwa hai angeidai kadi.

Na unajua kwa nini Gardner hakukitoa mapema? Uingereza ilikuwa na sheria ya uchawi ya mwaka 1735, wakaja kuifuta mwaka 1951. Sasa sikiliza vizuri. Mwaka 1928 Waingereza haohao walitutungia Tanganyika sheria yetu ya uchawi. Ya kwao wameifuta, ya kwetu wametuachia, na ipo vitabuni hadi leo. Walifanya kama mpangaji anayehama: kitanda kabeba, kunguni kaacha.

Haya, tuje kwenye picha.

Wapagani hawa wana sikukuu nane kwa mwaka, zinazunguka kama gurudumu. Ya mwezi wa tisa wengi huiita Mabon, jina alilolitoa Mmarekani mmoja, Aidan Kelly, miaka ya 1970 kutoka kwenye hadithi za kale za Wales. Ni sikukuu ya mavuno, na huwa siku ile mchana na usiku vinapolingana, tarehe 22 au 23. Bibi alinieleza kwa macho yanayong'aa: saa kumi na mbili za mwanga, saa kumi na mbili za giza! Akaningojea nishangae. Sikushangaa. Nikamwambia Bibi, kwetu Mbagala hivyo ndivyo ilivyo Jumatatu. Tena na Jumanne. Jua letu hutoka saa kumi na mbili na kuchwa saa kumi na mbili, mwaka mzima halipishani hata saa moja, ndiyo maana hata saa zetu tunaanza kuzihesabu jua linapochomoza. Huku Desemba linazama saa kumi jioni, Juni linazama saa tatu na nusu usiku. Mtu ukiwaambia saa ya Kiswahili wanakuona umechanganyikiwa, kumbe mara mbili kwa mwaka nchi yao nzima inaingia kwenye saa yetu, na wao wanaipigia ngoma. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kwetu basi tunasherehekea kila siku. Nikamwambia tunakuwa kwenye foleni.

Hata jina la msimu linachekesha. Kamusi inasema msimu huu ni vuli. Vuli yangu mimi ni mvua ya Oktoba, kunde zinachipua, Kizuiani matope hadi magotini. Vuli yao majani yanageuka rangi ya manjano ya bizari halafu yanaanguka yote, na watu wanalipa nauli kwenda kuyatazama yakianguka.

Sikukuu hiyo Bibi alitaka kwenda kuifanyia Stonehenge, kwenye mawe ya kale, na nyonga haimruhusu peke yake, kwa hiyo aliyesukuma kiti cha magurudumu ni mimi. Ni karibu, kama kutoka Mbagala hadi Posta, bila foleni ya Mtongani. Siku za kawaida mawe yale hukatiwa tiketi na unayatazama ukiwa nje ya kamba. Ila mara nne kwa mwaka, jua linapofika kwenye vituo vyake, watunzaji wake, English Heritage, wanafungua bure alfajiri na watu wanaingia katikati. Sharti usipande juu ya mawe.

Nikueleze palivyo. Ni mawe makubwa, mengi yana uzito wa tani 20 na zaidi, yamesimamishwa kwa duara na mengine yamelazwa juu yake, yapata miaka 4,500 iliyopita. Mawe madogo yaliburutwa kutoka Wales. Kwa mbali nilijua nimeshapaona. Ni nyumba iliyoishia kwenye linta! Ni Chamazi ileile, nguzo zimesimama, linta imefungwa, hela imekata. Nadhani na huku kulikuwa na Baba Mdogo.

Tulifika giza. Alfajiri ilikuwa imeingia, nikamwacha Bibi na thermosi yake, nikasogea pembeni kwenye nyasi, nikatandika kanga (ile yako, usiulize nimeipataje), nikaelekea kusini mashariki nikasali. Nikatoa salamu kulia: nikaona pembe. Yule mhasibu ameketi kama nilivyoketi mimi, ametulia. Nikatoa salamu kushoto: mama mmoja mwenye joho la kijani naye kaketi, mikono juu ya magoti, kajitahidi kweli. Akaninong'oneza, hii ni ya mapokeo gani? Nikamwambia ni ya zamani kidogo. Akasema aliihisi.

Sasa nenda kamwambie Baba Mdogo nimeritadi. Mwambie nimesalisha.

Duara lilipoanza walisalimia pande nne za dunia: mashariki upepo, kusini moto, magharibi maji, kaskazini ardhi. Sisi tunaelekea upande mmoja. Hawa wana adabu, hawaachi upande. Kila wakigeuka nami nikawa namgeuza Bibi na kiti chake, magurudumu yanazama kwenye umande. Kisha ngoma zikapigwa, ngoma za Afrika Magharibi zilizonunuliwa mtandaoni. Nisiwaseme sana, walikuwa na moyo. Lakini mdundiko wa kwetu ukipita Mtoni unaondoka na watoto mpaka wazazi wanakwenda kuwatafuta kwa Azizi Ali. Ule usingemwondoa mtoto hata hatua tatu.

Ikapitishwa pembe ya ng'ombe yenye pombe ya asali. Niliipokea, nikaipitisha kama bakuli la sadaka. Mkate nilikula, na tufaha, na hapo ndipo nilipovishwa lile taji. Saa moja kasoro dakika chache, wanavyohesabu wao baada ya kusogeza saa mbele, jua likatakiwa kuchomoza. Halikuonekana. Wingu zito, kijivu, kama bati la zamani. Wakashangilia vilevile, wakakumbatiana. Bibi akasema Mwingereza akisubiri kuliona jua ndipo asherehekee, hatasherehekea.

Hapo katikati kuna mtu alinionyesha picha ya mzee mmoja maarufu wa mambo haya, mwanajeshi wa zamani, aliyebadili jina kisheria akawa King Arthur Pendragon, kwa imani kwamba yeye ndiye yule mfalme wa hadithi aliyerudi. Kwetu mtu akisema yeye ni sultani wa kale amerudi, tunafukiza ubani tunamuuliza anataka nguo ya rangi gani. Huyu amegombea ubunge wa Salisbury zaidi ya mara moja.

Kisha likaja swali ambalo ndilo limenifanya niandike karatasi nzima badala ya kukupigia. Tumekaa tunakunywa chai, mama wa joho la kijani akaniuliza: na ninyi kwenu, watu wako, mnafanyaje kwa mababu?

Nikasema tunasali. Wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaendelea kuningoja. Ndipo nikakukumbuka wewe, mwaka ule kabla sijaondoka, ulipofunga kaniki ukapanda daladala la Kisarawe na kuku kwenye kikapu, mnakwenda Maneromango kusafisha makaburi na kutambika. Ulinipitia asubuhi. Nikakwambia nina mafua. Sikuwa na mafua, Shangazi. Nilikuwa nimekaa kijiweni na wenzangu, na ulipopita na kile kikapu nikatazama pembeni wasijue wewe ni wa kwetu.

Nikawasimulia. Unga mweupe kwenye maji, namna Bibi mzaa Baba alivyokuwa akiunyunyiza chini ya ule mwembe, majina yanavyoitwa moja baada ya moja mpaka mnafika kwa yule ambaye hakuna aliyemwona. Hata chai wakaiacha ipoe. Mhasibu akauliza maneno yale yameandikwa kitabu gani. Nikasema hayajaandikwa, anayo Shangazi, yeye aliyapata kwa mama yake. Mama wa joho akashika mkono wa Bibi. Wao, akasema, wamelazimika kuokota vipande kwenye vitabu na kushona upya, kwa sababu kwao mnyororo ulikatika zamani sana. Wa kwenu haujakatika! Akanitazama kama anayetazama kitu cha makumbusho kinachopumua.

Mimi nikatazama kikombe. Mnyororo mimi niliukata kwa mafua ya uongo.

Kwa hiyo naomba unirekodie yale majina, sauti tu, polepole, uanzie kwa Babu kurudi nyuma. Hao wa huku sitawapa, nimeshawaambia ni ya ukoo. Ni ya kwangu, nikija Desemba nisisimame pale Maneromango kama mlingoti wa bendera. Kuku nitanunua mimi. Usiitume kwenye kundi.

Jambo la mwisho. Tukiwa njiani kurudi, Bibi aliniuliza wachawi wa kwetu huruka na nini. Ufagio anaujua, ila anasema kwa mtu wa umri wake ni adhabu. Nikamweleza ungo. Alifikiri kutoka Stonehenge hadi mlangoni kwake, kisha akasema ungo una akili: ni mpana, una ukingo, na mtu mwenye nyonga ya chuma anaweza kukaa vizuri. Sasa anautaka, wa kupangia matufaha ya sikukuu mezani. Nimemwambia sisi tunapepetea mchele. Akasema, bila shaka.

Chukua mmoja pale Tandika, wa ukubwa wa kawaida, umpe jirani yako anayekuja mwezi ujao. Nimeshauliza, kwenye begi hauingii, lazima ulipiwe kama mzigo wa ziada, na Bibi amekubali kulipa. Nadhani utakuwa ungo wa kwanza kuruka kutoka Temeke hadi Ulaya kwa kukatiwa tiketi.

Mwanao, asiye na pembe.